Barua ya wazi kwa mnaopanga ratiba: kipindi cha michezo sio kipindi cha akiba

Shikamooni wakubwa, na mlio rika langu habari za kazi. Barua hii ni ya wote mnaohusika na kile kipindi kinaitwa elimu ya viungo na kile kingine kinaitwa sayansi ya afya huku sekondari, yaani waandika mtaala, watunga mitihani, wakuu wa shule, na yule mtu anayeshika rula na penseli mwanzo wa muhula akichora ratiba, huyo hasa nina neno naye.

Nianze na kijana aliyeanguka.

Tulikua uwanjani, mchana jua kali, darasa zima linakimbia mizunguko, kijana mmoja mrefu hivi akasimama, akashika magoti, akapepesuka, akaenda chini kama gunia. Mimi nilikua upande wa pili wa uwanja na filimbi mdomoni. Ile nafika nakuta wenzie wameshamzunguka darasa zima, hewa hamna, mmoja amemkalisha kwa nguvu anamtikisa mabega, mwingine anamlazimishia maji mdomoni na jamaa hata fahamu hazijarudi, na wa tatu katoa simu anarekodi. Nikawatawanya, nikamlaza chali kivulini, nikamnyanyua miguu, dakika haijaisha akafungua macho akauliza kiatu chake kiko wapi. Alizimia tu, mshukuru Mungu.

Kilichoniuma ni hiki. Wiki mbili kabla ya hapo darasa hilohilo lilifanya jaribio la sayansi ya afya na swali la kwanza lilikua nini maana ya huduma ya kwanza. Yule wa maji alipata 20 kwa 20. Karatasi yake niliiona, mwandiko mzuri kabisa, "ni msaada wa awali anaopewa mgonjwa au majeruhi kabla ya kufikishwa kwa mtaalamu", hakukosea hata nukta. Na huyo ndo alikua anakaribia kumjaza mwenzie maji kwenye mapafu!

Simlaumu mtoto hata kidogo. Sisi ndo tulimfundisha afya akiwa amekaa kwenye dawati siku ya Jumanne, na Alhamisi tukampeleka uwanjani akimbie bila kumwambia chochote, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewahi kumwonyesha kwamba hayo mawili ni kitu kimoja. Mwalimu wa afya hajawahi kukanyaga uwanja, mwalimu wa michezo (mimi) nilikua siulizwi hata darasa la afya limefika mada gani. Moyo wenye rangi nyekundu na bluu unachorwa ubaoni, ule unaodunda kifuani mwa mtoto hauguswi na mtu.

Siku hizi kipindi changu cha kwanza na darasa jipya naanza hivi. Nawakalisha chini kwenye nyasi, nawaambia chukueni vidole viwili, cha shahada na cha kati, dole gumba hapana maana lina mapigo yake lenyewe litakudanganya, weka kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, bonyeza taratibu, tafuta. Lazima kuna mmoja atasema mwalimu mimi sina mapigo, kila mwaka, na kila mwaka wanacheka upya. Wakishayapata tunahesabu sekunde 15, zidisha kwa nne, andika. Alafu mizunguko miwili, rudi, hesabu hapohapo unavyohema. Alafu subiri dakika moja, hesabu tena. Kile kinachoshuka ndani ya hiyo dakika moja ndo nawaambia wakitazame sana, moyo uliozoea kazi unatulia haraka. Namba zote tatu zinaingia kwenye daftari na kila baada ya wiki mbili tunarudia.

Wiki ya sita huwa inanipa raha kuliko medali yoyote. Kuna binti mmoja alianza na mapigo 88 akiwa amepumzika, akaja kupata 78, akahesabu mara tatu akidhani kakosea. Akaniuliza mwalimu moyo wangu unapunguaje kazi na mimi nimeongeza mazoezi? Hapo hapo ndo unafundisha, ukimwambia kwamba moyo ni msuli, ukizoeshwa unasukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja kwaiyo hauna haja ya kudunda mara nyingi, hasahau mpaka anazeeka maana amelikuta kwenye mkono wake mwenyewe. Na grafu amechora yeye (walimu wa hesabu mnaoniomba vipindi, hiyo pia ni hesabu jamani).

Nimesema kuniomba vipindi. Tuliongelee hilo.

Ratiba inapotoka, kipindi cha michezo kinakua kama pesa ya akiba kwenye kabati, kila mwenye shida anachota. Mtihani ukikaribia kinaenda kwa fizikia. Mvua ikinyesha kinaenda kwa kemia. Kukiwa na kikao, sherehe, ukaguzi, uwanja unahitajika kwa ajili ya viti, kinakufa kimyakimya na hakuna anayekifidia. Muhula uliopita nilihesabu, vipindi zaidi ya theluthi moja vya darasa moja havikufanyika, na mimi sikua naumwa hata siku moja. Ukiuliza unaambiwa "watoto wanacheza saa ngapi zote hizo, watacheza nyumbani". Nyumbani wapi, mkubwa? Wanatoka hapa na furushi la kazi za nyumbani, na zikiisha wanalala na simu usoni.

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anatakiwa apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, zile za kuhema kidogo au sana, na angalau siku 3 kwa wiki afanye mazoezi makali pamoja na ya kuimarisha misuli na mifupa. Alafu utafiti uliotoka 2019 uliokusanya takwimu za wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi 146 ukakuta vijana 81 kati ya kila 100 wenye miaka 11 mpaka 17 hawafikishi. Wasichana ni 85, wavulana 78. Kwaiyo wewe unayedhani ni watoto wa shule yako tu ndo wavivu, pole, ni dunia nzima, nchi tajiri kwa nchi maskini, na uvivu sidhani kama ndo jina lake, sisi ndo tuliowapangia siku ya kukaa masaa saba.

Na huu umri hausubiri. Mifupa ya binadamu inajengwa utotoni na ujanani, msichana akifika 18 na mvulana akifika 20 karibu asilimia 90 ya uimara wa juu kabisa wa mfupa utakaowahi kua nao inakua imeshawekwa, kinachobaki ni kutunza tu. Kuruka, kukimbia, kubeba uzito, ndo vinauambia mfupa ukaze. Huyo mtoto mnayemwambia atafanya mazoezi akishamaliza shule, akimaliza shule zege limeshakauka.

Sasa nirudi kwenye huduma ya kwanza maana hapo nina hasira ambayo haijaisha.

Tarehe 12 Juni 2021, Copenhagen, Denmark wanacheza na Finland kwenye Euro, mchezaji wa Denmark Christian Eriksen akaanguka bila kuguswa na mtu, moyo umesimama. Mnaikumbuka wote. Nahodha wake Simon Kjær alikua kati ya wa kwanza kufika, akamweka sawa kabla madaktari hawajaingia, alafu akawapanga wenzake wasimame duara wageuze migongo ili kamera zisione. Madaktari wakakandamiza kifua, mashine ya kushtua moyo ikatumika, na Februari 2022 yule mtu alikua anacheza tena ligi ya Uingereza na kifaa kifuani. Nawaonyesha wanafunzi wangu hiyo stori kila mwaka na nawauliza swali moja tu, ingekua hapa uwanjani kwetu nani angeanza?

Denmark mwaka 2005 waliweka kwenye sheria kwamba shule zifundishe kukandamiza kifua. Norway walianza zamani zaidi, 1961. Kati ya 2001 na 2010 Denmark watu waliosimama moyo nje ya hospitali wakapata raia wa kuwakandamiza kifua kabla ya ambulensi walipanda kutoka kama 21 kati ya 100 mpaka karibu 45, na waliobaki hai baada ya siku 30 wakapanda pia, kutoka 3.5 kati ya 100 hadi 10.8. Sio shule peke yake zilizofanya hivyo, walibadilisha mengine pia, lakini shule zilikuwemo. Na 2015 Shirika la Afya Duniani likaunga mkono pendekezo la masaa mawili tu kwa mwaka, kuanzia miaka 12. Masaa mawili! Kwa mwaka mzima! Sisi tunapoteza zaidi ya hapo kupanga viti.

Na kitu chenyewe hakihitaji maabara. Kiganja cha mkono mmoja juu ya mwingine katikati ya kifua, mikono imenyooka, unashuka sentimita 5 mpaka 6, unaachia kifua kirudi juu chote, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Kama huna mdoli wa plastiki tumia begi la shule lililojazwa nguo, nimetumia mwaka mzima mabegi yao wenyewe. Nikampa kila mmoja dakika mbili bila kupumzika. Dakika mbili ni ndefu ndugu zangu, vijana wanaocheza mpira wa timu ya shule walikua wanatetemeka mikono ikifika dakika moja na nusu, na papo hapo wakaelewa bila kuambiwa kwanini waokoaji wanapokezana, na kwanini pushapu zile wanazozikimbia zina maana. Unaona vile uwanja na darasa vinakutana? Kipindi kimoja, begi la nguo, na wamejifunza moyo, oksijeni, stamina ya misuli na kuokoa mtu.

Mtihani wenu hauna pa kuweka hiyo. Mtihani wenu unauliza "taja hatua nne".

Kwenye maksi nako kuna shida yake. Upande wa afya tunapima kukariri, upande wa michezo tunapima mbio. Kuna lile jaribio la kukimbia mita 20 kwenda na kurudi kwa kufuata mlio, mlio unazidi kuharakisha kila dakika, lilibuniwa na Luc Léger wa Montreal mwanzoni mwa miaka ya 80. Ni kipimo kizuri sana cha pumzi, silikatai, nalitumia. Ila nimeshaona linavyotumika vibaya, darasa zima limesimama pembeni linatazama mtoto mnene anavyotoka wa kwanza, anakaa chini peke yake anang'oa nyasi wakati wenzie wanaendelea, alafu ile namba yake inasomwa kwa sauti na kugeuzwa maksi. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo na nilikua huyo mtoto. Mwalimu wetu wakati ule alikua na utani wa kunihusu ambao sitauandika hapa, na kuanzia hapo kila siku ya michezo nilikua naumwa tumbo, nikimaliza shule nilikaa karibu miaka kumi bila kukimbia hata kuwahi gari. Sasa niambieni hilo somo lilinijenga au lilinibomoa?

Mpimeni mtoto kwa alipoanzia. Aliyeanza hatua ya 3 akafika ya 5 kafanya kazi kubwa kuliko aliyeanza ya 9 akabaki ya 9, na mwili wenyewe unakubaliana na mimi. Na tafadhali, hili nalisema kwa herufi kubwa, KUKIMBIA NA PUSHAPU VISIWE ADHABU. Mwalimu wa somo lingine akikasirika anasema kimbia uwanja mara tano. Unamchapa mtoto kwa dawa alafu unashangaa anaichukia dawa.

Wasichana. Zile asilimia 85 hazijatoka hewani. Wengine wanakwepa kwa sababu nguo ya michezo ni fupi au inabana na wavulana wanatazama, wengine hawana pa kubadilishia nguo, wengine wako kwenye hedhi na pedi hamna au wanaogopa kuchafuka, na hakuna wa kumwambia maana mwalimu ni mwanaume na darasa la afya lilipita juu ya hedhi kama paka juu ya makaa, mchoro mmoja na majina ya viungo basi. Mlango wenye komeo, suruali iliyolegea, pedi kwenye sanduku la huduma ya kwanza ambayo mtu anachukua bila kuomba, hayo matatu yaliniongezea wasichana uwanjani kuliko hotuba zangu zote. Alafu kuna magoti. Kwenye michezo ya kuruka na kukata kona ghafla, wasichana wanaumia kano ya goti zaidi ya wavulana, na kuna mpango wa kupasha mwili wa FIFA, unaitwa 11+, dakika kama 20, mpira na nafasi basi. Walipoujaribu Norway kwa wachezaji wa kike wa miaka 13 mpaka 17 majeraha kwa ujumla yalipungua kama theluthi. Bure kabisa. Ila lazima mwalimu afundishwe aelewe goti likiingia ndani wakati wa kutua ina maana gani, na mafunzo ya walimu wa michezo mara ya mwisho kuitwa ilikua lini? Mimi nimesahau.

Kingine ambacho nadhani hamkijui kwa vile mko ofisini. Mwalimu wa uwanjani ndo anaona vitu kwanza. Mtoto aliyevaa mikono mirefu kwenye joto na hataki kuikunja, mtoto ambaye amepungua ghafla na ana kizunguzungu kila kipindi, mvulana ambaye miezi mitatu amefutuka mabega na uso umejaa chunusi na ananiuliza kwa mzunguko kuhusu "dawa fulani ya jimu" aliyoona mtandaoni. Kama theluthi ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 14, na karibu nusu kabla ya 18, kwaiyo wakija kwetu sekondari mengi yameshaota. Japan afya na elimu ya viungo sekondari ni somo moja, wanaliita kwa jina moja, na 2022 wakarudisha kwenye mtaala huo wa sekondari ya juu mada ya magonjwa ya akili ambayo ilikua imepotea kwenye vitabu vyao miaka kama 40. Miaka 40, hata wao. Finland nao walilifanya afya kua somo linalojitegemea na kuanzia 2007 liko kwenye mtihani wao wa mwisho wa sekondari ya juu. Njia ni mbili tofauti, na mkitaka maoni yangu mimi niko na Wajapani, maana ukishalitenga afya peke yake linarudi kwenye dawati na maswali ya taja. Lakini yote mawili ni bora kuliko letu la kulitaja kwenye hotuba na kulifuta kwenye ratiba.

Mimi siombi uwanja wa nyasi bandia. Naombeni somo moja, lenye walimu wanaokaa meza moja na kupanga mada pamoja, wiki tunayofundisha mapafu darasani ndo wiki tunayokimbia, wiki ya usingizi ndo wiki watoto wanaandika kila usiku wamelala masaa mangapi (vijana wanahitaji 8 mpaka 10, waulizeni wa kwenu wanalala ngapi alafu mtazame muda mliowapangia kuripoti shuleni). Naombeni sehemu ya maksi itoke kwenye kufanya, mtoto apige magoti mbele ya begi aonyeshe. Naombeni kila mwalimu wa shule, hata wa historia, ajue kukandamiza kifua na ajue mwenye pumu inhela yake iko wapi. Na kwenye ratiba, kile kipindi kiandikwe kwa kalamu.

Mwenye penseli, nilisema nina neno na wewe. Kesho kipindi cha tatu ni changu na lile darasa la kijana aliyeanguka. Leo jioni mwalimu mmoja kaniomba hicho kipindi, anadai yuko nyuma mada mbili. Nimemwambia hapana, ila aje yeye na begi lake, nafasi ya mtu wa kukandamiza ipo.